Kiti cha mgeni kwenye msiba wa mjomba wangu mwenyewe

Wakuu, habari za asubuhi. Walioko makazini, poleni na majukumu.

Hili ninaloleta ni langu, sikuhadithiwa na mtu. Limetokea miezi michache iliyopita na sijaongeza chumvi. Kama kuna pahala nitazubaa na kuanza kusimulia ukungu, mnivumilie, ndivyo nilivyo. Hata mke wangu analalamika.

Nina duka la vitenge na mashuka hapa Mbinga mjini. Babu mzaa baba alitokea pwani, mwenye asili ya Uarabuni. Mama ni Mmatengo wa Ukata, wa kuzaliwa na kukulia huko.

Sura nimechukua kwa baba. Nywele, pua, rangi, kila kitu. Mama alikuwa akisema yeye alinibeba tu miezi tisa, kama mzigo wa mtu.

Nimezaliwa hapahapa. Kimatengo nilikianza kabla ya Kiswahili.

Sasa kila siku ya Mungu mteja anaingia, tunapiga stori, halafu ananiambia, "Mwarabu, Kiswahili chako safi sana." Nasema asante.

Mwingine anauliza, "Kwenu hasa ni wapi?" Mbinga. "Hapana, kwenu kwenu."

Nikiongea Kimatengo ndiyo kabisa, wanaitana waje wasikie.

Hakuna anayenitukana. Ndiyo maana miaka yote hii sikujua jambo hili niliite nini. Binti yangu aliyeko chuo aliniambia lina jina la Kizungu, refu, yale maneno madogo madogo ya ubaguzi wa rangi yasiyo na tusi ndani. Nikamwambia aache hizo, watu wananipenda. Na ni kweli wananipenda.

Basi, akafariki mjomba Osmund.

Huyu ni kaka wa mama. Baba alipotangulia mimi nikiwa darasa la tatu, yeye ndiye aliyenilea. Alikuwa mwalimu, akaoa Mnyasa wa Liuli, na alipostaafu akahamia huko ziwani. Hakuwahi kuniita Mwarabu hata siku moja. Aliniita mpwa, na akikasirika aliniita jina langu lote.

Tulitoka Mbinga alfajiri, ukungu umelalia mibuni. Ukiteremka kuelekea ziwani baridi inakuacha kidogo kidogo, unavua sweta, na mara Nyasa inatokea chini kule. Huoni maji yameishia wapi na mbingu imeanzia wapi.

Nilikuwa kama naota. Kwa dakika kadhaa nikasahau kwamba naenda kuzika. Nikajikuta nawaza nitamkuta mjomba barazani, aniulize mbona nimekonda.

Tulipofika, kabla hata sijampa pole mke wa mjomba, mtu akaja mbio na kiti cha plastiki. Akakifuta kwa kitambaa.

"Karibu mgeni, kaa hapa kivulini."

Ndugu zangu wote, watoto wa mama wadogo, wako chini kwenye mikeka na majani. Mimi niko juu peke yangu, na soda baridi mkononi. Utagombana vipi na mtu aliyekuheshimu?

Wanaume wakaanza kwenda kuchimba. Katika familia yetu mpwa hakosi kushika jembe kwenye kaburi la mjomba wake, hata zamu moja. Ndugu zangu wakaitwa mmoja mmoja.

Mimi sikuitwa.

Nikasimama. Mzee mmoja wa kamati ya mazishi akanirudisha taratibu, mkono wake begani kwangu. "Pumzika bosi. Kazi hii ngumu, mikono yako haijazoea."

Hapo machozi yaliyogoma tangu Mbinga yakaja. Watu wakadhani namlilia mjomba. Nilimlilia, ndiyo, ila nilijililia na mimi. Mtu aliyenijua mimi ni nani amelala ndani kwenye sanduku, na huku nje nimebaki mgeni.

Nikavua viatu, nikaingia kaburini bila kuitwa.

Wakuu, watu walipiga makofi. Simu zikatoka. "Mwarabu anachimba." Ndugu zangu walishachimba saa nzima na hakuna aliyewapigia makofi. Makofi yale yaliniuma kuliko kiti.

Nikachimba tu, kichwa chini. Harufu ya mchanga mbichi, mawimbi kwa mbali, sauti za juu zikawa zinafifia. Nilikuwa kama nimelala huku mikono inaenda yenyewe.

Mle ndani nilikuwa na Baba Grace, mvuvi, jirani wa mjomba. Ghafla akaushika mpini wa jembe langu.

"We mpwa, unafanya nini? Kuta zote umezisimamisha wima. Ndiyo shida yenu Wamatengo, mnachimba kama mko kwenu mlimani kwenye udongo mwekundu. Hapa ni mchanga. Utatufukia wote, na mwalimu akose pa kulala."

Nikaangalia ukuta wangu. Kweli, ulikuwa unamomonyoka.

Maishani mwangu sijawahi kusemwa kama Mmatengo. Nimesemwa kama Mwarabu, kama tajiri, kama mgeni. Nikamjibu bila kufikiri, "Na ninyi Wanyasa mkipanda kwetu mwezi wa saba mnalala na makoti na viatu."

Baba Grace alicheka mpaka akakaa chini mle mle. Kisha akanionyesha namna ya kulaza kuta, nikarudia upande wangu wote.

Nikaelewa tofauti. Utani unarudishwa: ananipiga, nampiga, kazi inaendelea. Yale ya dukani hayana jibu. Ukijibu, unaonekana umekasirikia sifa.

Nisijifanye malaika, lakini. Jirani na duka langu kuna mlinzi Mmasai. Siku moja nilimkuta anasoma gazeti, nikamsifia kwamba anajua kusoma, kwa nia njema kabisa. Alikunja gazeti, akaliweka kando. Niliporudi kutoka Liuli nilimfuata kumwomba radhi. Akasema nimechelewa miaka minne, lakini karibu.

Nilichojifunza ni kwamba heshima nayo inaweza kumweka mtu nje. Anayekuona wa kwao hakupigii makofi ukishika jembe. Anaangalia kama umechimba sawasawa.

Tulimzika mjomba saa tisa alasiri. Ukuta wangu haukubomoka.

Mwenye la kwake alimwage hapa chini. Na kama kuna pahala nimekosea, wakuu, nigombezeni.