Mita Mbili Kati ya Beijing na Washington

Nilipomwona Wakesho mara ya kwanza alikuwa ameketi juu ya bomba la Wachina, akilitazama tangi la Wamarekani na kula kimanga, mihogo na maharagwe yaliyopondwa pamoja, kwa mkono. Kati ya bomba na tangi palikuwa na mita mbili za mwamba mtupu. Bomba lilikuwa tayari, na tangi pia. Maji yalikuwa bondeni, yamechimbwa na kupimwa, na pampu ya sola ingeweza kuyasukuma hadi pale alipoketi. Ila hakuna aliyeruhusiwa kuviunganisha viwili hivyo.

Nimewahi kusimama Berlin penye mawe yanayoonyesha ulipopita ukuta, na Korea nikachungulia upande wa pili kupitia dirisha la kibanda cha askari. Sikutarajia kukuta mpaka wa namna hiyo kwenye kilima juu ya Mwatate, ukilindwa na mama anayeuza miche ya nyanya.

Aliniambia niketi, akanipa kimanga, akanieleza mambo yake bila kuombwa.

Alizaliwa Mata, karibu na mpaka wa Tanzania, mama Mtaveta na baba Mdawida, yaani Mtaita. Kule alikulia kando ya mfereji, na hakuwahi kufikiria kwamba maji ni kitu cha kufuatwa. Kisha akaolewa huku, kwenye mteremko mkavu unaotazama mashamba ya mkonge, akapewa mtungi na kuonyeshwa njia. Njia hiyo ilikuwa ndefu na ilipita katikati ya ndovu. Mwaka mmoja wa ukame ndovu walimkuta kisimani kabla hajajaza. Yeye alipona kwa kupanda mwamba. Punda wake hakupona. Aliporudi nyumbani mikono mitupu alimwambia mumewe, ambaye wakati huo alikuwa bado hai, kwamba hatakufa kabla kijiji hakijanywa maji kikiwa nyumbani.

Basi akaanza kuzunguka. Alikwenda Wundanyi kwenye ofisi za kaunti, akaenda Voi, akarudi Wundanyi. Ofisi zilimpa chai. Siku moja akaifuata kampuni ya Kichina iliyokuwa ikitengeneza barabara, akaomba kisima. Wakasema watafikiria. Akalifuata shirika moja la misaada la Kimarekani, nao wakasema watafikiria. Ndipo akafanya jambo ambalo hakufundishwa na mtu. Aliwarudia Wamarekani, akataja tu, kama anayezungumzia hali ya hewa, kwamba Wachina wanakaribia kukubali. Akawarudia Wachina, akawaambia hivyo hivyo kuhusu Wamarekani.

“Kabla mahindi hayajabeba, wote walikuwa hapa,” aliniambia, akicheka kicheko kinachosikika hadi barabarani. “Huyu ana mashine ya kuchimba, huyu ana tangi. Nikasema, Mungu ni mkubwa.”

Wachina wakachimba, wakaweka pampu na bomba la kupandisha maji hadi juu ya mwamba. Wamarekani wakaweka tangi chini kidogo ya hapo, pamoja na mabomba ya kushusha maji hadi kwenye vituo vya kuchotea. Ikafika siku ya kuunganisha, na hapo dunia nzima ikapanda kilima.

Pampu ilikuwa na kisanduku chenye laini ya simu, ili fundi aweze kuikagua akiwa mbali. Shirika likasema kwamba kwa amri ya makao makuu, hakuna kifaa chao kitakachofungwa kwenye kifaa cha China chenye mawasiliano. Kampuni nayo ikasema bomba lake haliwezi kuingia kwenye tangi lenye bendera ya wengine, maana wakubwa wataona sifa ya kazi yao imepewa wengine. Mambo tuliyozoea kuyasikia redioni, ya mataifa makubwa kunyimana teknolojia na kupigania marafiki huku Afrika, yalikuwa yametua juu ya mwamba wa mbuzi.

Na kijiji kikagawanyika. Huko kwingine nimeona wakubwa wakipigana kwa mikono ya wadogo, na silaha zikiletwa bure. Hapa havikuletwa hata viwembe, lakini vita vilikuwapo. Wa mtaa wa juu walimfuata Maxwell, binamu yake Wakesho, aliyefanya kazi kwenye ujenzi wa reli mpya Voi. Msimamizi Mchina ndiye aliyemfundisha kuendesha winchi, na nyumba yake ya bati aliijenga kwa kazi hiyo. Wa mtaa wa chini walimfuata Festus, mzee wa kanisa na shemeji yake Wakesho, ambaye binti yake ni nesi Amerika. Kila mtu alikuwa na sababu yake na si sababu mbaya. Vijana wakaziita sehemu hizo Beijing na Washington. Chama cha akina mama kikavunjika. Kwenye harusi moja watu wa chini hawakugusa pilau, kwa kuwa waliopika walikuwa wa juu.

Festus alitangaza kwamba kile kisanduku kinasikiliza maneno ya watu majumbani.

“Kwako kisikilize nini?” Maxwell alimuuliza mbele za watu. “Unavyokoroma?”

“Kikisikiliza,” Wakesho akaingilia, “basi kiwaambie kwao kwamba hatuna maji.”

Watu walicheka, lakini hawakupatana. Wakesho alijua kosa ni lake kwa sehemu, maana ni yeye aliyewachochea wageni washindane, na sasa mashindano yamewageukia wenyeji.

Jumamosi niliyokuwapo mimi, alipanda Abby, msichana wa Nairobi anayefanya kazi na lile shirika. Alikuja na habari mbaya, akaitoa haraka kama mtu anayebandua plasta. Tangi halitumiki, na kuna kaunti nyingine inalitaka. Jumatatu asubuhi lori litakuja kulichukua.

Mkutano ukaitwa pale pale mwambani. Beijing wakaketi juu, Washington chini, na kila upande ukaulaumu mwingine. Wakesho akamgeukia Abby.

“Mwanangu, mvua ikinyesha ndani ya tangi lenu, mnauliza wingu limetoka wapi?”

Abby akasema la.

“Na nikimimina ndoo yangu humo?”

“Hiyo ni ndoo yako, mama. Sisi hatuna neno.”

Wakesho akaeleza. Kwao Mata maji ya mfereji hayaendi shambani moja kwa moja. Hukusanywa kwanza kwenye bwawa dogo la mawe, na asubuhi hugawiwa kutoka humo. Wapare wa ng'ambo ya mpaka wana mabwawa kama hayo, wanayaita ndiva. Mfereji ni wa aliyeuchimba, lakini maji yakishaingia bwawani ni ya watu wote wanaolitunza bwawa, wala huwezi kusema tone hili ni la fulani. Basi nao wajenge bwawa lao hapa, kwenye zile mita mbili. Bomba la Wachina limwage maji bwawani kutoka hewani, bila kugusa chochote. Bwawa likijaa, limwagikie tangini, pia kutoka hewani. Hakuna atakayekuwa amefungwa kwa mwingine.

Halafu Maxwell akasema yeye hawezi kubeba mawe pamoja na watu waliokataa pilau ya dada yake. Festus akasema vijana wake hawatafanya kazi chini ya mtu aliyemtukana hadharani. Nikaona bwawa linakufa kabla ya jiwe la kwanza.

Wakesho akachota maji kwenye galoni, akajaza kikombe, akakishika mbele yao. Wote walielewa kabla hajafungua mdomo, isipokuwa mimi na Abby. Wadawida wana desturi ya kutasa. Mwenye kinyongo hujaza kinywa maji, au zamani pombe ya miwa, akayapuliza nje huku akitamka kwamba amemwachilia mwenzake. Wazee waliamini kwamba hasira inayofichwa moyoni humdhuru yule uliyemkasirikia, hata kama hujamgusa. Kwa hiyo kuikalia ni kosa, na kuitema ni wajibu. Siku hizi ni wachache wanaofanya.

“Mimi ni mzee wa kanisa,” Festus alisema.

“Shemeji, sijakwambia uabudu. Nimekwambia uteme.”

Kuna aliyecheka upande wa juu, na upande wa chini ukashindwa kujizuia. Wakesho akaanza yeye. Alijaza kinywa, akapuliza maji juu ya mwamba, akasema kwamba aliwashindanisha wageni ili apate maji, na ushindani huo ukawaingia ndugu zake; uondoke. Akampa Maxwell kikombe.

Maxwell alijaza kinywa. Alipopuliza, maji yalifika hadi kwenye viatu vya Festus. Nilidhani ni uchokozi. “Mzee,” akasema, “nilikutukana mbele ya wajukuu zako. Nimeyatoa.”

Festus akatazama viatu vyake vya kanisani. Akachukua kikombe, akageukia mashariki na kupuliza kwa nguvu kuliko wote, mpaka akakohoa. “Na mimi pilau ile niliitamani,” akasema. “Nimetoa.”

Sijawahi kuona mkutano wa amani ukimalizika vizuri hivyo, na nimehudhuria michache iliyokuwa na wakalimani.

Jumapili baada ya ibada watu walipanda na mawe vichwani, wa juu na wa chini kwenye mstari mmoja. Calvince Ogutu, fundi anayeishi Kaloleni, Voi, alikuja na pikipiki kupanga ukuta, akawa anawatania Wadawida kwamba wanalima mawe vizuri kuliko mahindi. Saruji isingekauka kwa wakati, kwa hiyo mawe yalipangwa makavu, na ndani ikahitajika karatasi nzito ya plastiki ya kushika maji. Iliyokuwapo ni moja tu, ile iliyofunika kitalu cha Wakesho. Aliivua mwenyewe. Miche ya nyanya ikabaki juani, na hakuna aliyethubutu kumwambia neno.

Injinia wa Kichina alifika jioni, kijana mwenye Kiswahili alichookota kwa vibarua wa mjengo. Alizunguka bwawa, akapima kwa macho umbali kati ya mdomo wa bomba na ukingo wa mawe, akatabasamu. “Hapana gusa,” akasema. “Sawa.” Aliahidi kuja asubuhi kuwasha.

Jumatatu lori lilifika kabla jua halijapanda vya kutosha. Vijana wawili wakashuka na spana. Wakesho aliwaendea na chai, na mkate akaukata polepole sana. Akawauliza kuhusu wazazi wao, na wazazi wa wazazi wao. Jua likapanda. Kule bondeni injinia akawasha pampu.

Bomba lilikohoa. Likatoa hewa, kisha matope, kisha hewa tena. Halafu maji yakaja, mazito na meupe kwa povu, yakaruka kutoka mdomo wa bomba na kuanguka ndani ya bwawa. Mawe yalivuja upande mmoja. Festus na Maxwell wakaruka pamoja na kuuziba kwa matope, wakigombana juu ya nani anaziba vibaya. Plastiki ikatanuka, maji yakapanda hadi ukingoni, yakapata mfereji mfupi wa bati uliochomoza ukingoni bila kugusa tangi, yakaporomoka tangini kwa mlio wa ngoma.

Vijana wa lori wakatazama spana zao. Tangi lenye maji halibebeki.

Abby alipiga simu Nairobi, akaweka sauti nje ili wote wasikie. Mkubwa wake aliuliza swali moja: tangi limeunganishwa na pampu ya Wachina?

Abby aliinama, akachungulia hewa iliyokuwa kati ya bomba na bwawa, na hewa iliyokuwa kati ya bwawa na tangi. “Hapana,” akajibu. “Limejazwa na bwawa la kijiji.”

Basi mkubwa akasema lori lirudi tupu.

Kelele iliyolipuka pale sidhani Mwatate imeisahau. Vigelegele vilishuka kilima, watoto wakavifuata, na kituo cha kwanza cha kuchotea kikafunguliwa kukiwa na foleni ya ndoo za mitaa yote miwili, zimechanganyika. Injinia alipiga picha yake kuelekea bomba. Abby akapiga yake kuelekea tangi. Bwawa la kijiji halikuonekana katika picha yoyote.

Wakesho alipewa nafasi ya mbele. Alijaza ndoo mpaka ikafurika. Wanawake walimngoja aibebe, lakini hakuibeba. Aliketi juu ya jiwe, akavua viatu, akaimimina taratibu yote miguuni, akisugua vidole kimoja kimoja, na vumbi lote la ile njia ya ndovu likashuka mteremkoni. Ndoo nzima. Halafu akaisogeza tena kwenye bomba.

“Jaza nyingine,” akasema.