Winga wa Kushoto Asiye na Kadi

Ukitaka kumkera Mzee Takwimu, mwambie mpira ni mchezo tu. Atakutazama kama umemtukania mama yake, kisha atakuuliza: kama ni mchezo tu, kwa nini yeye alikaa miaka thelathini na minne katika ofisi ya chama cha mpira akiandika nani kafunga, dakika ya ngapi, na kwa mguu gani? Hutakuwa na jibu. Hata yeye hana, lakini wewe ndiye utakayeonekana mjinga.

Alipostaafu walimpa saa ya ukutani na mkono wa kwaheri. Majalada ya zamani yalikuwa yachomwe moto, maana ofisi ilikuwa inahamia kwenye kompyuta. Akasema, "Nichomeni mimi kwanza." Wakacheka, wakamwachia. Akayasomba kwa mkokoteni, safari tatu, mpaka kwenye vyumba vyake viwili, na mkewe, Mungu amrehemu, akamuuliza kama na yeye ahame ayapishe. Mwaka uliofuata mkewe akafariki. Siku hizi majalada yamelala upande wake wa kitanda, kwa sababu upande ule ukiwa mtupu mzee hapati usingizi. Mwanawe wa pekee yuko ng'ambo. Mzee humwandikia ujumbe mrefu wa habari za nyumbani, na kijana humjibu kwa picha ya dole gumba. "Haya," mzee hujisemea, "angalau kidole chake ni kizima."

Tusidanganyane, alikuwa mpweke. Kuna siku neno lake la kwanza kumwambia binadamu lilikuwa saa tisa alasiri, dukani, nalo lilikuwa "kiberiti."

Basi siku moja simu ikalia, namba ngeni.

"Shikamoo, mzee wangu," ilisema sauti ya mwanamke. "Nimeambiwa wewe ndiye unayejua wachezaji wa zamani."

"Marahaba. Wa zamani kiasi gani?"

"Ile timu ya kwanza kabisa kulipwa mshahara. Kulikuwa na mmoja wakimwita Mkasi."

Mzee akatafuta kiti bila kugeuka, akakaa. Mkasi! Hilo lilikuwa donda lake la kazini. Picha ya timu ile alikuwa nayo: vijana kumi na mmoja, wa kwanza nchini kupewa mshahara kwa kupiga mpira. Kumi aliwajua mpaka wake zao na magonjwa yao. Wa kumi na moja amesimama mwisho kushoto, kainamisha kichwa, na nyuma ya picha mtu ameandika kwa penseli: Mkasi. Basi, hapo hapo. Mechi kumi na tisa, mabao saba, halafu kayeyuka. Hakuna aliyejua alitoka wapi wala alikwenda wapi.

Yule mwanamke alikuwa mwalimu wa shule ya msingi katika mji mwingine, mwendo wa siku nzima kwa basi, umri wake hamsini na kidogo. Alilelewa akiambiwa baba yake alikufa kabla hajazaliwa. Mama yake alipokuwa mahututi ndipo akamtobolea siri: baba yako hakufa, alikuwa winga, wakimwita Mkasi. Kesho yake mama akakata roho.

"Sitaki mali, sitaki kesi," Mwalimu alisema. "Nina wajukuu, mzee wangu, lakini sijawahi kuitwa mwana na baba aliyenizaa. Kama yuko hai, nataka nimsikie akiniita. Hata mara moja tu, inatosha."

"Nitamtafuta, mwanangu," mzee akasema, na kwa mara ya kwanza tangu msiba alisahau kula si kwa huzuni bali kwa shughuli.

Alianza pale karani yeyote angeanzia, kwenye kadi za usajili. Kila mchezaji wa ligi alikuwa na kadi: picha, kuzaliwa, kazi, sahihi. Kadi ya winga wa kushoto ilikuwepo, lakini picha ilikuwa imebanduka, na maelezo yakampeleka mpaka nyumbani kwa mjane mmoja. Bibi yule aliposomewa kwamba marehemu mumewe alikuwa winga hodari, alicheka mpaka akajifuta machozi kwa upande wa kanga.

"Huyu huyu baba watoto? Alikuwa dereva wa basi la timu! Mtu alikuwa akiinama kufunga kamba za viatu anahema. Winga! Labda wa kukimbilia chakula."

Bibi akamsimulia aliyoyasikia kwa mumewe, ndipo mzee alipojua walichofanya viongozi wa wakati ule. Mkasi alikuwa ameajiriwa mahali walipokataza mtu kulipwa kwingine, kwa hiyo timu ilimsajili kwa maelezo ya dereva wao. Yaani mzee ameyalinda majalada yale miaka yote, na ndani yake kadi inasema uongo! Alikasirika, akasahau hata kuaga. Bibi ndiye aliyemwita kutoka mlangoni: "Wewe, kamuulize fundi viatu! Ndiye aliyewashonea njumu zao."

Fundi mwenyewe alikuwa keshakufa, lakini mwanawe alirithi kibanda na kila takataka iliyokuwamo. Kwenye dari kulikuwa na maboksi yaliyokatwa vipande. Enzi zile viatu vilishonwa kwa vipimo: mchezaji anakanyaga karatasi ngumu, fundi anazungusha penseli, anaandika pembeni kiatu ni cha nani. Walipekua kwa saa nzima, mavumbi yakiwaingia puani. Kipande cha Mkasi kilipotokea, mzee aliona mguu wa kulia umeupita wa kushoto kwa karibu vidole viwili. Pembeni fundi alikuwa ameandika: "Mkasi. Anachomelea reli. Atachukua mwenyewe."

Fundi wa kuchomelea, karakana ya reli. Haya basi, penye nia pana njia.

Kazi yote hiyo ilikula miezi mitano, na kila Ijumaa saa kumi jioni Mwalimu alipiga simu. "Tumefika wapi, mzee wangu?" Mzee anaeleza, Mwalimu anashangaa mahali pa kushangaa, anacheka mahali pa kucheka. Habari ya mjane wa dereva aliitaka mara tatu. Wakimaliza ya Mkasi wanaingia kwenye goti la Mwalimu linalovimba, kwenye darasa lake lenye watoto themanini, kwenye mboga alizopanda mzee ndani ya ndoo. Ikawa Ijumaa mzee anafagia chumba na kuvaa shati safi kabla ya saa kumi, kana kwamba simu ina macho. Unacheka? Kaa mwenyewe miaka minne kwanza, halafu ucheke.

Wastaafu wa reli hawakumchelewesha. "Yule mwenye miguu isiyolingana?" mmoja akasema. "Mbona yuko! Anakaa nyuma ya karakana ya seremala, chumba cha mwisho."

Siku ile ile, Jumatano, mzee akabisha hodi.

Mlango ulifunguliwa na mtu mrefu, mkavu, mwenye makovu madogo ya cheche mikononi. Miguuni alivaa ndala mbili za namba tofauti. Chumba kilikuwa na kitanda, jiko la mafuta ya taa na kiti kimoja, na hicho alimpa mgeni. Mzee Takwimu alikuwa amejiandaa kwa maswali arobaini kuhusu mechi kumi na tisa. Alisahau yote.

"Nimetumwa na binti yako," akasema.

Mkasi akakaa kitandani taratibu. Maji yaliyokuwa jikoni yakachemka na kumwagika, asiyaone.

"Kwa hiyo alizaliwa," akasema.

Akasimulia, kidogo kidogo. Msichana alikuwa anasomea uuguzi. Wazazi wake waliposikia ana mimba ya mcheza mpira walimrudisha kwao, na barua za Mkasi zikarudi hazijafunguliwa. Aliacha timu katikati ya msimu akaenda kumtafuta, akafukuzwa na mbwa. Tangu hapo mpira ukamtoka rohoni. Hakuoa. "Nilikuwa najiambia labda mtoto hakupona. Ilikuwa rahisi kuliko kufikiri yupo na hanijui." Kisha akauliza: "Anafanya kazi gani?"

"Mwalimu."

"Mwalimu! Na mimi niliishia darasa la nne!" Akacheka kicheko kilichokaa kifuani siku nyingi, kikatoka pamoja na kikohozi. "Yukoje? Mrefu?"

"Sijamwona, ndugu yangu. Namsikia tu kwenye simu."

"Basi mwambie aje. Mwambie, mwanangu, njoo. Hata kesho. Mimi siendi popote, nipo hapa hapa."

Mzee akaahidi.

Sasa hapa ndipo nikimfikiria mtu huyu nataka kumzaba kibao na kumkumbatia kwa wakati mmoja. Alirudi nyumbani, akashika simu, akaiweka chini. Akasema atasubiri Ijumaa apigiwe, habari kama hii isemwe kwa utulivu. Ijumaa ikafika, saa kumi, shati safi.

"Tumefika wapi, mzee wangu?"

Na mzee akaona jinsi itakavyokuwa. Atasema "nimempata," Mwalimu atalia, atashukuru, atapanda basi, atampata baba yake. Halafu Ijumaa nyingine? Atampigia za nini?

"Bado kidogo, mwanangu," akasema. "Kuna karatasi moja naifuatilia."

"Usijali, mzee wangu, usijichoshe," akajibu Mwalimu, na wakazungumza karibu saa nzima. Yalikuwa mazungumzo matamu kuliko yote waliyowahi kuwa nayo, na alipokata simu mzee alijisikia mwizi.

Alijitetea, kama tunavyojitetea sote. Ofisini ilikuwa sheria: bao haliandikwi mpaka mashahidi wawili wakubaliane. Je, kama yule si Mkasi wa kweli? Alijua vizuri kabisa kwamba ndiye. Ijumaa ya pili akasema karatasi bado. Ijumaa ya tatu Mwalimu alikuwa na mafua, sauti imekauka, na bado alipiga; mzee akaona haya, lakini akasema tena karatasi bado. Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo. Hawakusema kwamba wakati mwingine tumbo linaloumia ni la mwingine.

Alhamisi iliyofuata dhamira ilimshinda. Alikwenda kwa Mkasi kumwambia binti anakuja Jumamosi, akiwa tayari ameshajiapiza kupiga simu jioni ile ile. Chumba cha mwisho kilikuwa na kufuli. Seremala alizima mashine yake, akaja huku anajipangusa vumbi la mbao.

"Mzee wetu alianguka Jumapili. Kiharusi. Tulimbeba sisi hapa mpaka hospitali. Upande mzima umekufa, na kusema hasemi." Akamtazama mzee. "Wewe ni ndugu yake? Maana wiki zote hizi alikuwa anafagia hapa nje kila asubuhi, anasema ana mgeni."

Mzee Takwimu alipiga simu akiwa amesimama pale pale kwenye vumbi la mbao.

Mwalimu alifika kesho yake jioni. Alikuwa mfupi kuliko sauti yake, amevimba goti, na kwenye lango la hospitali alimshika mzee mikono yote miwili, akamwambia Mungu atamlipa, akamwita baba yake wa kwenye simu. Mzee alitaka ardhi ipasuke. Wakaingia wodini.

Mkasi alikuwa amelazwa chali, uso umevutwa upande mmoja. Mwalimu alikaa kwenye kiti kando ya kitanda, akaushika mkono uliokuwa bado mzima.

"Shikamoo, baba," akasema. "Ni mimi."

Jicho moja likamgeukia, likajaa. Mdomo ukajitahidi. Kilichotoka ni mvumo tu, mara moja, mara mbili, kisha mtu akachoka. Muuguzi aliyekuwa anapita akasema kusikia anasikia kila kitu. Kusema huenda kukarudi, huenda kusirudi.

Mwalimu alisubiri muuguzi aondoke. "Mzee wangu," akasema bila kugeuka, "wewe uliwahi kuzungumza naye?"

Uongo ulikuwa tayari mdomoni, umeiva, na hakuna ambaye angeujua. Mkasi mwenyewe asingeweza kuukanusha. Lakini alikuwa akimtazama kwa lile jicho.

"Nilizungumza naye," mzee akasema. "Alisema uje. Hata kesho."

"Lini?"

"Jumatano. Wiki tatu zilizopita."

Mwalimu alihesabu, na mzee alimwona akihesabu. "Nilikupigia mara tatu," akasema. "Nina mafua, nikakupigia."

"Niliogopa ukishampata utaacha kunipigia."

Mgonjwa wa kitanda cha pili alikohoa, akageukia ukutani.

"Ungeniuliza tu," Mwalimu akasema. "Ningekupigia." Akajipangusa uso kwa kiganja, akausogeza mkono wa baba yake karibu. "Haya, sema. Anza alipofungua mlango. Neno kwa neno, kama alivyosema yeye, usiongeze la kwako."

Mzee Takwimu hakuwa na daftari, wala hakulihitaji. Alisimama mwisho wa kitanda, akaanza, na Mkasi akalala akiyasikiliza maneno yake mwenyewe yakitoka kwa mtu mwingine: barua, mbwa, darasa la nne. Alipofika kwenye "mwambie, mwanangu, njoo," Mwalimu akamwambia arudie hapo.