Nafasi ya Papa kwenye Maporomoko

Mdogo wangu alipotoka gerezani, wenzake wa genge la mapanga walianza kumpigia mluzi nje ya uzio wetu kila jioni. Mama akiusikia, alikimbilia kujificha jikoni hata akamwaga unga wa fufu. Mimi, dada yake mkubwa, hasira zangu ziko karibu, ningewatupia mawe. Lakini nilikuwa na kamera yangu ya kupigia harusi, nikaamua kutengeneza filamu. Nilitaka kujua mtoto aliyesuka mitego ya samaki pamoja na papa, baba yetu, alifikaje kumkata muuza simu mkono ili amwibie, na nijue kabla hajaufuata ule mluzi.

Swali langu lilikuwa moja: ilianza lini? Mdogo wangu aliinamisha kichwa. "Yaya, ni siku papa alikufa. Tonton alikamata nafasi ya papa ku mayi. Mimi nilibakia na nini?"

Kwetu, watu wa maporomoko, kila familia ina nguzo zake ndani ya maji, na hapo ndipo mitego hufungwa. Asiye na nafasi hana kazi. Nilimwendea tonton, ndugu ya papa, na kamera, nimeshamhukumu njiani.

"Sikumunyanganya, nilimuchungia," alisema, yaani alimtunzia tu. "Mutoto anakuya na mutego yenye alisuka ye mwenyewe, njo anapewa nafasi. Nilingoya. Hakukuya."

Kumbe! Papa alikufa kabla ya kumweleza, mimi msichana sikuambiwa kamwe, na tonton alidhani kila mtu anajua. Mmoja alingoja kuitwa, mwingine alingoja kufuatwa, miaka sita. Nililia palepale, kisha nikacheka kama mwehu.

Hiyo haimrudishii mkono wake yule muuza simu, na katika filamu nimeacha kovu lake lionekane vizuri. Lakini nilimwonyesha mdogo wangu maneno ya tonton kwenye kioo kidogo cha kamera. Aliyasikiliza mara tatu, akaenda kutafuta kamba za porini. Mama hakutaka panga nyumbani, basi mdogo wangu alizichonga kwa kisu cha jikoni na kusuka mtego, siku nne nzima, akilalamika.

Siku ya tano aliondoka asubuhi na mtego begani. Jioni mluzi ukalia. Mama, aliyezoea kujificha jikoni, alitoka na mwiko mkononi hadi kwenye uzio.

"Hayiko!" akapaza sauti, mtaa mzima ukasikia. "Iko ku mayi! Iko na kazi!"