Cheo Changu kwa Kiingereza

Mimi ni mpambaji wa kumbi hapa Kibeta, na Jumamosi iliyopita nilijiaibisha vibaya.

Koku, binti wa jirani yangu, alikuwa anaolewa na Mzungu, na kazi yote nikapewa mimi. Nilifurahi mno. Nikataka wageni wanijue kwa cheo cha Kiingereza, ila neno sikuwa nalo. Nikakumbuka kuwa kuna ukurasa mtandaoni ambako unaandika maana, nao unakutafutia neno. Nikaandika: mtu anayelipwa na familia kupanga maua, magari, viti na ibada kanisani.

Likatoka neno undertaker. Uzito wake ulinipendeza, hata maelezo sikuyasoma. Siku hiyohiyo nikalichapisha kwenye fulana, mgongoni, kwa herufi za dhahabu.

Siku ya harusi, bibi yake bwana harusi, mama mzee mwenye mkongojo, aliposhuka garini pale kanisani, nilimkimbilia na shada la maua. Nikamshika mkono nikasema kwa sauti, “Welcome. I am your undertaker.”

Bibi akatazama maua, akanitazama mimi, akasema jambo polepole. Mjukuu wake akageukia ukuta, mabega yakimtikisika. Koku akaja mbio na gauni lake refu, akaniinamia sikioni.

“Ma Yulia, huyo ni mtu wa kuzika maiti.”

Nikanong’ona: “Na bibi amesemaje?”

“Anaomba umwache kwanza ale ndizi za harusi.”