Mashine ya Reli Mahali Pasipo na Treni

Maji ya sabuni yakimwagika kwenye chuma cha moto hutoa harufu ambayo utotoni niliifahamu mahali pamoja tu, uani kwetu, katika kijiji kimoja cha wilaya ya Nachingwea kilicho karibu na mpaka wa Ruangwa, msimu ule baba aliporudi. Si harufu ya kufulia. Ndani yake kuna petroli iliyochanganywa na oili, kuna kutu, na kuna kitu kinachokaribia harufu ya nywele zilizonyooshwa kwa kitana cha moto. Siku hizi nikipita kwa mafundi pale Nachingwea mjini nikaisikia, miguu yenyewe inapunguza mwendo, na niliyefuatana naye huniuliza nimesahau nini. Sijasahau kitu, namkumbuka baba.

Baba alikuwa mtu wa reli. Tangu kabla sijazaliwa alifanya kazi ya kutengeneza njia ya treni huko upande wa Kilosa, na nyumbani alikuja mara moja kwa mwaka, siku kumi na nne, ambazo mbili za kwanza alizimaliza akilala. Alituletea mikate iliyokwisha kukauka njiani, na nguo ambazo kila mwaka zilitubana, kwa sababu alinunua kwa umbo alilotuacha nalo mwaka uliopita. Nilimheshimu sana na sikumjua hata kidogo. Nilimwamkia, nikampelekea maji ya kuoga, kisha nikakimbilia kwa mama jikoni kumuuliza mgeni ataondoka lini. Mama alinikaripia, lakini nadhani hata yeye alihitaji siku mbili tatu kuzoea kwamba kuna mtu mzima mwingine ndani ya nyumba. Kaka yangu Deo alikulia Lindi kwa baba mdogo, dada yangu Skola alikuwa amekwisha olewa Narung'ombe, na wote wawili walimjua baba hivyo hivyo tu, kwa awamu za siku kumi na nne.

Katikati ya miaka ya tisini wakaanza kupunguza watu kazini, na jina lake likawemo. Alishuka kutoka kwenye lori lililokuja kuchukua korosho akiwa na godoro, sanduku la bati, na kitu kizito kilichofungwa kwa blanketi ambacho hakukubali mtu yeyote amsaidie kukibeba. Ilikuwa mashine ya kutobolea reli. Kazini ilikuwa imeandikwa kuwa chakavu, na mkubwa wake akampa kwa barua yenye mhuri, barua ambayo baba aliihifadhi ndani ya Biblia asije mtu akamwita mwizi. Mama alilizunguka lile blanketi mara mbili, akasema kwamba waume wa wenzake wamerudi na cherehani, na mmoja amerudi na baiskeli yenye kengele. Baba akacheka peke yake.

Kwa ambaye hajaiona, ni injini ndogo ya petroli ya kuwasha kwa kuvuta kamba, imefungwa kwenye fremu yenye mkono wa chuma unaoishika reli ubavuni na kuibana. Mbele yake ina ncha nene ya kutobolea, ambayo mafundi huiita biti. Unazungusha mpini polepole, biti inaingia kwenye chuma kidogo kidogo, huku mwenzako akimwagia maji ya sabuni ili isiungue. Hilo ndilo inalolijua, na lingine hailijui. Siku ya kwanza ilipowashwa uani kwetu majirani walikuja mbio wakidhani ni pampu ya kupulizia salfa kwenye mikorosho, na mzee Likomba, jirani yetu wa karibu, akauliza kama itafika kwenye vilele vya mikorosho yake mikubwa. Baba alimweleza kwa upole kwamba hii ni ya kutobolea reli. Mzee Likomba akatazama kushoto, akatazama kulia, kisha akauliza reli ipo wapi.

Alikuwa na haki ya kuuliza. Njia ya treni ya zamani, iliyojengwa enzi za mkoloni kwa ajili ya mashamba ya karanga, iling'olewa kabla sijazaliwa. Sisi tulilikuta tuta refu tu, ambalo mbuzi walilipenda, na vipande vya reli vilivyokatwakatwa na kubebwa na watu wakavitumia walivyoweza. Baba alikuwa kama fundi saa aliyehamia mahali ambapo watu hutazama jua. Aliifuta mashine yake kila Jumapili baada ya ibada, akaipaka oili, akaifunika. Nami nilianza kusogea karibu, kwanza mlangoni, halafu kwenye kigoda, nikimsikiliza akisimulia habari za madaraja na mahandaki. Ikafika siku nikagundua kwamba sijamuuliza mama swali langu la zamani kwa muda mrefu.

Palikuwa na korongo. Lilipita kati ya kijiji chetu na shule, na wakati wa kiangazi tulilivuka kwa kuruka mawe. Mvua zikianza, Desemba mpaka Aprili, maji yalikuja mekundu na kwa kishindo, na watoto wa ng'ambo yetu tulikaa nyumbani tukifukuza nyani mashambani. Magogo waliyolaza wanakijiji yalisombwa kila mwaka. Masika yaliyotangulia mtoto wa jirani alichukuliwa na maji, akakutwa amekwama kwenye matete, hai, lakini tangu hapo mama hakutaka kusikia habari ya kuvuka. Mwaka uliokuwa unakuja ningeingia darasa la saba, na mwalimu mkuu alikuwa amesema wazi kwamba anayekosa miezi minne asitegemee kufaulu. Kwa hiyo mama alikuwa amekwisha panga na shangazi Adela, dada yake baba, aliyeishi Nanganga hatua chache kutoka shuleni. Ningeenda kukaa kwake. Mkeka wangu ulikuwa umefungwa tayari, ukisimama nyuma ya mlango.

Nililia, na nataka niseme ukweli kwamba sikulilia kijiji wala rafiki zangu. Nilikuwa nimempata baba juzi tu. Baba aliposikia mpango huo hakubishana. Alitoka, akashuka korongoni, akapima upana wake kwa hatua zake ndefu, akarudi magoti yakiwa na vumbi. Wakati wa chakula akamwambia mama, "Nipe mpaka Krismasi. Likinishinda, nitampeleka mwenyewe kwa Adela." Mama akasema Krismasi si mbali, na mvua hazisomi kalenda. Lakini aliutoa ule mkeka nyuma ya mlango akauweka darini.

Hesabu ya baba ilikuwa rahisi. Kipande kimoja cha reli hakikutosha kuvuka korongo, viwili vilivyounganishwa vilitosha. Angejenga nguzo ya mawe na saruji katikati, maungio yakae juu yake, na reli mbili zipite sambamba, juu yake zipigiliwe mbao. Vipande vilivyopatikana vilikuwa vimekatwa ncha, matundu yake ya bolti hayapo, na hapo ndipo mashine ilipopata kazi. Kuunganisha reli kunahitaji vyuma bapa viwili vinavyoyabana maungio huku na huku. Baba aliviita kwa jina la kikazini, sisi tukaviita mabamba tu. Mabamba ya ile njia ya zamani yalikuwa bado yapo vijijini. Baba na mwenyekiti wa kitongoji walipita nyumba kwa nyumba. Mmoja alikuwa akilitumia kunolea majembe, mwingine alilitoa mlangoni ambako lilizuia mlango usipigwe na upepo, na mzee Likomba alitoa mawili aliyokuwa akibangulia korosho juu yake, akilalamika mpaka yalipotoka uani kwake. Bolti zilitoka Nachingwea mjini.

Siku ya kutoboa ilikuwa Jumamosi, na nusu ya kijiji ilikuwa uani kwetu. Baba alivaa lile koti lake la kazini lenye rangi ya machungwa iliyofifia. Alikuwa na kigezo, ubao mwembamba wenye matundu aliokuja nao kutoka kazini. Akaupachika kwenye ncha ya reli, akaweka alama, akavuta kamba. Mama ndiye aliyemwaga maji ya sabuni, kwa kikombe cha bati, akigeuza uso pembeni kukwepa moshi. Chuma kilitoka kimejikunja kama maganda ya mhogo, cha moto, kikianguka miguuni mwao. Kila mara biti ilipotokeza upande wa pili watu walishangilia, na baba alisonga kwenye tundu linalofuata bila kuinua kichwa. Sikumwona tena akiwa na furaha kama ile. Jua lilipoinama alikuwa amemaliza ncha zote nne, mabamba yakaletwa, bolti zikaanza kuingizwa.

Kila ungio lilitaka bolti nne. Mbili zilizo karibu na ncha ziliingia vizuri, mbili za nje zikagoma. Baba akageuza bamba, zikagoma. Akachukua bamba jingine, hali ikawa ile ile, tundu la reli na tundu la bamba vikipishana kwa upana wa vidole viwili. Nilimwona akikitazama kile kigezo mkononi mwake. Kigezo kilikuwa cha reli za Kilosa, nene na nzito. Reli za njia ya karanga zilikuwa nyembamba zaidi, na mabamba yake yalitobolewa kwa nafasi zake. Katika miaka yote ya kazi alitoboa reli za njia moja tu, na akaamini kwamba reli ni reli. Mtu aliyetushinda sote kwa kuzijua reli ndiye pekee ambaye angeweza kukosea vile; mwingine yeyote angeweka bamba kwanza na kupima.

Watu wakaanza kumpoza. Mzee Likomba akasema bolti mbili zinatosha, zikazwe vizuri, kwani hapa inapita treni? Wengi wakaitikia, na mimi moyoni niliitikia kuliko wote, maana mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya upande wa Ruangwa na siku alizoziomba baba zilikuwa zinakwisha. Baba aliweka spana chini.

"Treni haipiti," akasema. "Anapita mtoto. Nimekosea mimi, sikupima."

Aliyasema hayo mbele ya watu waliotoka kumshangilia, mbele ya mkewe aliyetaka cherehani, kisha akafunika mashine na kuwaomba wakapumzike. Reli haikuweza kutobolewa tena pale pale, matundu yangesongamana na ubavu wake mwembamba ungepasuka, na kukata ncha kungeifanya fupi isifike kwenye nguzo. Alikaa kwenye kigoda, na kwa mara ya kwanza nilimwona baba akiwa mtu ambaye jambo linaweza kumshinda. Nilijua mkeka wangu utashuka darini, nikaanza kulia kimya kimya.

Mama ndiye aliyeuliza, kwa sauti ya mtu anayechambua mboga, kwa nini wanahangaika na reli wakati mabamba nayo ni chuma. Kama reli haitoboki tena, si yatobolewe mabamba yaifuate. Baba akasema amewaza hivyo, na kwa unene wake mabamba yangestahimili, ila bamba likiwa limekaa mahali pake tundu la reli limejificha nyuma, na yeye amekwisha choka kukisia. Mama akaingia jikoni, akarudi na chungu. Akakwangua masizi, akayalainisha kwa mafuta ya ufuta, akamwambia baba alikaze bamba moja kwa zile bolti mbili zilizoingia. Halafu akapiga magoti upande wa pili, akachovya kidole kwenye masizi, akakipitisha ndani ya tundu la reli mpaka kikaligusa bamba. Walipolifungua, alama nyeusi ilikuwa pale ilipopaswa kuwa. Baba akamwambia, "Mama Deo, wewe wangekuchukua kazini, mimi wangeniacha." Mama akamjibu akanawe, chakula kinapoa.

Kazi ya mabamba ilichukua karibu juma zima. Biti iliisha makali mara kwa mara, ikanolewa, na kila bamba lilibanwa juu ya kipande kifupi cha reli kilichogeuzwa meza. Mvua ya kwanza ilinyesha tukiwa bado tunapigilia mbao, siku chache kabla ya Krismasi, na maji yakapita chini yetu bila kugusa kitu. Januari shule ilipofunguliwa niliamka, nikala kiporo, nikashuka korongoni. Baba alikuwa amekwisha fika. Maji yalikuwa mengi, mekundu, yenye kelele. Nilipokanyaga mbao za kwanza nilimtazama nikitegemea atanipungia mkono au atanishika. Hakunitazama. Alikuwa amechuchumaa, macho yake kwenye nati, na mkono wake juu ya reli akisikiliza uzito wangu ukipita. Niliumia kidogo siku ile. Leo nina watoto, na najua kwamba sijawahi kutazamwa kwa makini kama asubuhi ile.

Sikuenda Nanganga. Daraja lile lilitumika mpaka barabara ilipokuja na daraja la zege, katika miaka ya elfu mbili, na mashine yenyewe ilizeekea ndani ya blanketi bila kutoboa reli nyingine. Sasa ninaishi mjini, watoto wangu wanafika shuleni kwa bodaboda kabla chai haijapoa. Mume wangu anafanya kazi Mtwara, na kila jioni wanamwona kwenye simu, anawauliza habari za shule, wanamwonyesha madaftari. Nashukuru kwa simu hiyo. Mama yangu angeipokea kwa mikono miwili. Lakini hukatika baada ya robo saa, na mume wangu hajui kwamba mtoto wetu mdogo huongea peke yake akifunga viatu. Mimi baba nilikaa naye mpaka nilipoolewa. Najua alikunywa chai bila sukari na kusingizia kwamba ameiweka ili mama asimseme. Najua alivyokohoa kabla ya kukiri kosa, na kwamba alikuwa akikiri. Deo na Skola walipokuja kwenye mazishi walilia kwa uchungu, kisha wakaniita pembeni, watu wazima wale, wakaniomba niwasimulie baba alikuwa mtu wa namna gani.