Kamera Mahali pa Mikono

Pikapu yangu ina bomba nene lililopindwa nyuma ya kebini. Mafundi wanasema ni la kukinga watu gari likipinduka. Huku kwetu Kibiti hakuna anayelijua kwa kazi hiyo. Ukipanda nyuma unasimama, unalikamata, na ukikosa pa kushika utarushwarushwa mpaka Ikwiriri. Rangi yake ilishatoka zamani kwa viganja vya watu.

Hapo ndipo nilipofunga kamera.

Mama alikuwa na mwezi wa nne kitandani kwa kiharusi, na alichokililia ni kimoja tu, kumwona mdogo wake aliyebaki Ngorongo. Daktari alikataa asisafirishwe. Kumfuata mama mdogo nilikuwa nikisema "wiki ijayo", na kila wiki ijayo ilikuwa na harusi, maana kazi yangu ni kupiga video za harusi. Kumpigia simu haikuwezekana. Simu yake ilizama kwenye mafuriko na hakununua nyingine.

Siku moja mama akaniambia, kwa ule mdomo wake uliopinda, "Kamlete. Na kama miye siendi tena kwetu, basi japo njia niione."

Nikaichukua kazi hiyo kwa sifa zote. Fundi wa kuchomelea alinitengenezea kibano cha chuma cha kukaa juu ya bomba. Nikakaza nati, nikaendesha mpaka sokoni na kurudi, picha ikacheza kiasi cha kutia kichefuchefu. Nikazungushia mpira wa tyubu, ikatulia kidogo. Nikaongeza mpira mwingine, nikakaza tena, na safari hii hata mimi mwenyewe nilijipa hongera. Nikaapa kwamba siku hiyo sibebi mtu. Mtu akipanda nyuma atashika wapi, kama si pale pale?

Kuanzia Umwe watu walininyooshea mikono. Nikawapita. Kiti cha pembeni yangu kilikuwa kitupu, kina chupa ya maji tu, lakini niliijua barabara ile: ukimsimamia mmoja wanaibuka sita. Hata nikawakasirikia, kama vile wao ndio walionikosea.

Ngorongo nilikuta mlango wa mama mdogo umefungwa kwa kamba. Jirani akasema, "Katoka na alfajiri, hakuaga. Labda yuko bondeni kwenye mpunga." Nikashuka bondeni, nikaita mpaka sauti ikakauka. Nikasubiri mpaka adhuhuri, uvumilivu ukaniisha. Sijui haraka hiyo niliitoa wapi, mimi niliyeahirisha wiki zote zile. Nikaendesha polepole mbele ya mlango ule, kisha mbele ya mahali ilipokuwa nyumba ya babu, ambapo maji yameacha mchanga mtupu. Nikageuza gari, nikaiacha kamera iendelee.

Njiani nilimpita mwanamke aliyebeba kitu kirefu kichwani. Aliinua mkono. Niliona kanga na mkono, basi. Nilisogea upande wa pili vumbi lisimfikie sana, na nikajiona mtu mwema.

Baada ya swala ya alasiri nilimwinua mama kwa mito, nikaunganisha kamera na televisheni. Alitazama bila kupepesa. Mikorosho aliitaja kwa majina ya wenyewe. Mlango uliofungwa kwa kamba ulimliza. Nilitaka kuzima, akanikataza.

"Wacha. Na kurudi nako nikuone."

Basi tukarudi wote. Ghafla akaushika mkono wangu kwa ule wake mzima.

"Simamisha."

Nikabonyeza. Picha ikaganda, mwanamke yule kando ya barabara, kiganja juu, na kile kitu kichwani sasa kikionekana wazi kuwa mkeka uliokunjwa.

"Mdogo wangu huyo," mama akasema. "Alikuwa anakuja. Mkeka ule ni wangu, nilimwagiza kabla sijaugua." Akatazama tena, kisha bila kunigeukia akasema, "Haya. Sasa ndo umesimama."

Hakunifokea. Laiti angenifokea. Aliomba picha ile isiondolewe, ikakaa vile vile kwenye televisheni mpaka umeme ulipokatika.

Mvua ilianza jioni ile. Alfajiri nilipokwenda kumtafuta mama mdogo, maji yalikuwa yameikata barabara mbele ya Umwe. Nilijaribu siku ya tatu, nikajaribu siku ya tano. Siku ya sita mama alifariki, tukamzika kabla ya magharibi bila mdogo wake.

Mama mdogo alifika siku ya hitima, kwa bodaboda, barabara ikiwa bado na matope. Alikuja na mkeka ule ule. Aliutandika mwenyewe, waombolezaji wakaukalia, na mimi nikakaa chini sakafuni.

Baada ya siku mbili nilimrudisha kwao, yeye amekaa mbele pamoja nami. Kamera nilishaing'oa, kibano kilikuwa bado kipo. Tulipovuka Umwe aliuliza, "Kile kidude kilichokuwa juu ya gari siku ile kilikuwa nini?"

Kumbe alilijua gari langu muda wote, na mbele za watu alinisitiri.

"Kamera, mama mdogo. Mama alitaka aione njia. Nisamehe."



"Aliniona?"

"Alikuona."

"Na mkono niliinua."

"Aliuona, mama. Alitaka ubaki vile vile."

Akajifuta uso kwa pindo la kanga, akatazama nje kwenye mpunga uliolazwa na maji.

"Kumbe nilikuwa namuaga dada'angu," akasema, "na miye nadhani nasimamisha gari."