Siku Tuliyolisugua Ziwa

Mmenichosha. Kila apitaye mlangoni, "Bibi, tuandikie ile ya Petrona." Kwani ninyi mikono imeoza? Haya. Asiyeweza kusoma mwandiko wangu ayalaumu macho yake.

Petrona Quieju alikuwa mpima maji. Kila mwezi alipiga kasia ghuba hadi ghuba, akishusha kwa kamba kisahani cheusi na cheupe. Kikipotea machoni upesi, maji yamechafuka. Kisha alichota chupa moja ya maji ya kupimwa na mashine za mjini. Aliipenda kazi hiyo, maana ilimtoa nyumbani kwa mama mkwe wake, Ventura, mwenye ulimi wa kufyekea mahindi.

Mwaka ule ofisi ya ziwa ilitangaza kwamba ghuba itakayozidi uchafu itazungushiwa waya, hakuna kufua. Na ghuba yetu ndiyo yenye mawe ya kufulia! Jiwe ni urithi. La Ventura lilitoka kwa mama yake, laini kama shavu la mtoto. Kumnyima lile ni sawa na kumvua sketi sokoni.

"Mgeni akija si mnafagia?" Ventura akatuuliza. "Basi kipimo nacho ni mgeni. Tutaaibika?"

Siku ya kupimwa, jua halijagusa kilele cha volkano yetu, tulishuka wote na brashi, sabuni nyeusi ya mafuta ya nguruwe na dawa ya madoa. Tukasugua mawe, tukasugua kokoto. Jirani yangu Eulalia alisugua hata nguzo za gati. Petrona alipofika, mtumbwi wake uliingia kwenye povu mpaka ncha ya mbele ikafichika.

"Mama, mmefanya nini?"

"Tumeliogesha," akajibu Ventura. "Hebu nusa, linanukia kama bibi harusi!"

Petrona akashusha kisahani. Hakikufika popote, kilitoweka palepale. Akashika kichwa.

"Sabuni ndiyo uchafu wenyewe, mama! Ndiyo inayolisha ule ukijani unaoota majini na kuoza!"

Eulalia akaficha brashi nyuma ya sketi. Ventura akasogea, akasema kwa sauti ya chini, "Kachote kule katikati. Nani atajua?"

Petrona alilitazama jiwe, kisha chupa. Hata yeye nguo zake za harusi zilifuliwa juu ya jiwe lile.

"Wajukuu zako wanakunywa haya, mama." Akachota palepale, kwenye povu.

"Basi leo kale kwenu!"

Waya ukaja. Ventura akawa anampakulia amempa kisogo, samaki wote mikia. Petrona naye hakutulia. Aliisumbua ofisi hadi wakajenga birika la kufulia mlimani, maji machafu yakichujwa na changarawe na matete. Lakini pa kufulia walisakafia saruji. Wanawake tukagoma: saruji inatafuna nguo.

Petrona hakubishana. Aliruka waya, akalifunga jiwe la Ventura kwa ukanda wa kubebea kuni, akaupitisha kwenye paji la uso, akaanza kupanda. Uso umemwiva. Nyuma yake nyayo zikamfuata.

"Polepole, we! Hilo limekuzidi umri!" Ndiyo maneno ya kwanza Ventura kumwambia tangu waya. "Na inama vizuri, nani alikufundisha kubeba?"

"Wewe, mama."

"Basi hukusikiliza."

Kufikia jioni nasi tulikuwa tumeyapandisha mawe yote. Langu ni la tatu kutoka bombani, usiliguse.

Nimemaliza. Sasa wewe, ondoka hapo ulipokaa, ufuate maji yako ya kufulia mpaka uone yanapoingia. Kisha uje uniambie, na usije mikono mitupu.